Barua ya Wazi kwa Wenye Mamlaka wa Migori na Homa Bay: Juu ya Masomo ya Wafungwa na Siku ya Kurejea Kwao

Kwa Waheshimiwa Magavana, Ochilo Ayacko wa Migori na Gladys Wanga wa Homa Bay. Kwa wajumbe wa mabaraza ya kaunti hizo. Kwa maafisa wasimamizi wa magereza ya Serikali yaliyomo humo. Na kwa maafisa wa probesheni na wa elimu ya watu wazima.

Waheshimiwa,

Naomba radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo lingeweza kusemwa kwa faragha; lakini nimeona kuwa jambo hili si la ofisi moja wala la idara moja, bali limegawanyika katika mikono yenu nyote, na kila mkono umeshika sehemu yake kwa uaminifu pasipo kujua mwenzake ameshika nini, hata barua ambayo ingepelekwa kwa mmoja wenu peke yake ingejibiwa, kwa haki kabisa, kwamba shauri hilo si lake. Jambo lenyewe ni masomo ya watu wazima walio kifungoni katika magereza ya Migori na Homa Bay, na maandalizi ya siku ile watakapofunguliwa lango na kurudi kwetu. Nami sitaki mambo mengi. Nataka mtu aliyeanza kusoma, au kujifunza kazi ya mikono, ndani ya gereza, aweze kuendelea nje pale pale alipokomea, katika chuo cha ufundi cha kaunti au katika darasa la ngumbaru la lokesheni yake, pasipo kurudishwa mwanzo, na pasipo kulazimika kutafuta mtu wa kumwombea.

Tuanze kwa kuwatambua watu wenyewe, kwa maana litajwapo neno mfungwa fikira za wasikilizaji hukimbilia kwa mwuaji na jambazi, ilhali uchunguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa mwaka 2017 na Baraza la Taifa la Usimamizi wa Haki ulidhihirisha kuwa uzito wa sheria za jinai nchini humwangukia zaidi maskini, na humwangukia kwa makosa madogo. Mwenye kuketi katika mahakama zetu za kusini mwa Nyanza hahitaji kusoma uchunguzi huo ili ausadiki. Humwona mvuvi aliyekamatwa katika Ziwa Victoria na nyavu zisizoruhusiwa. Humwona mama aliyepika chang'aa ili mwanawe asifukuzwe shule. Humwona kijana aliyebeba bangi kuelekea mpakani Isebania kwa ujira wa tajiri ambaye yeye mwenyewe haonekani kizimbani. Humwona mkata miwa wa Awendo aliyepigana siku ya malipo, na mchimba dhahabu wa Macalder aliyegombania shimo. Wengine katika hao hawakuingia gerezani kwa ukubwa wa kosa, bali kwa kuwa faini iliyotajwa na hakimu haikupatikana nyumbani, wala kwa ndugu, wala kwa mkopeshaji. Na watu wa namna hiyo hawakai sana. Sheria ya Magereza humpa mfungwa wa kawaida mwenye bidii na mwenendo mzuri punguzo la theluthi ya kifungo chake, basi aliyehukumiwa miezi tisa yumkini atatoka baada ya miezi sita, naye atapanda gari kwenda Rongo, au Oyugis, au Mbita, au Kehancha, akashukia katika stendi ile ile aliyokamatiwa karibu yake, miongoni mwa watu wale wale.

Huko kurudi hakuzuiliki, wala si haki kukuzuia. Lililo katika hiari yetu ni kile atakachorudi nacho.

Si jambo geni katika ardhi hii mtu mzima kuketi chini akafundishwa herufi. Wamisionari wa Kisabato walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, miongoni mwa waliojikalifisha kusoma walikuwamo watu wazima waliokwisha kujenga na kuoa, na wengine katika hao baadaye wakawa waalimu wa wenzao. Tom Mboya, aliyezikwa katika kisiwa cha Rusinga, watu humkumbuka kwa ndege zilizowapeleka vijana Marekani kusoma. Ni wachache wanaokumbuka kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi mtu mzima, mkaguzi wa afya aliyesoma kwa njia ya posta baada ya kazi, na kwamba masomo yake ya Oxford mwaka 1955 na 1956 aliyapata Ruskin, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa shule utotoni. Serikali yetu nayo ilipiga mbiu mwaka 1979 dhidi ya ujinga wa kutojua kusoma, ikaunda idara maalumu ya kazi hiyo. Na ng'ambo ya pili ya mpaka wa Sirari jirani zetu wa Tanzania walikuwa wametangulia, kwa kuwa Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hata hivyo kazi haikwisha. Utafiti wa taifa uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa watu wazima waliofikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika nchini walikuwa asilimia 61.5, maana yake katika kila watu wazima watano karibu wawili walikuwa hawajafika. Wapo wapi hao wawili? Wapo mashambani, wapo Ziwani, na wapo pia, kwa sehemu isiyo ndogo, nyuma ya kuta mnazozilinda.

Na gerezani pana kitu ambacho mwalimu wa ngumbaru kijijini hukililia maisha yake yote: pana wakati. Mwanafunzi mtu mzima wa kijijini huja darasani Jumanne, Alhamisi akawa msibani, juma la pili mvua imenyesha na jembe limemwita. Wa gerezani yupo. Akili ya mwanadamu haifungiki pamoja na mwili wake, na hilo tumelishuhudia katika lugha yetu wenyewe, kwa kuwa Abdilatif Abdalla, alipofungwa kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa ajili ya waraka wa siasa, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki juu ya karatasi za chooni, kwa sababu karatasi nyingine hakuruhusiwa. Leo mlango wa gereza hauko vile. Tangu Moody Awori aliposhika wizara yenye dhamana ya magereza mwaka 2003 akayafungulia magereza macho ya raia, madarasa yamekubaliwa, watahiniwa wamekaa katika mitihani ya taifa wakiwa katika sare zao, na baadhi wamefika mbali kuliko sisi tulio huru. Peter Ouko, aliyekuwa chini ya hukumu ya kifo, alisoma sheria kwa Chuo Kikuu cha London akiwa Kamiti, akapata stashahada, kisha akatoka kwa msamaha wa Rais mwaka 2016. Susan Kigula wa Uganda, ambaye kesi yake na ya wenzake iliifanya Mahakama ya Upeo ya nchi hiyo mwaka 2009 iamue kwamba hukumu ya kifo isiwe ya lazima, alisoma sheria ya chuo hicho hicho ndani ya Luzira, naye akawa huru mwaka ule ule wa 2016.

Nawataja hao kwa heshima, walakini nawaomba, Waheshimiwa, msiridhike kwa mfano wao. Hao walikuwa na miaka mingi mbele yao, na magereza makubwa yenye waalimu, na wafadhili kutoka ng'ambo. Na masomo yaliyopangwa kwa ajili ya mtu wa kifungo cha miaka kumi na minane hayamfai mtu wa miezi sita. Magereza ya kaunti kama yetu yana watu wa vifungo vifupi, na mahabusu wanaongoja kesi, na wengine waliomo njiani kuhamishiwa Kisumu au Naivasha. Ukimwekea mtu wa miezi sita silabasi ya miaka minne, umemwambia tangu siku ya kwanza kuwa hatamaliza, naye si mpumbavu, hataanza. Inapasa masomo yakatwe vipande vifupi vilivyo kamili kila kimoja kwa nafsi yake: majuma manane ya kusoma na kuandika jina, barua na risiti, majuma manane ya hesabu ya biashara ndogo, ya kujua faida na mtaji, na riba ya mkopo wa simu, majuma manane ya kuanza ufundi, kupima na kukata, na kila kipande kikiisha kiandikwe mahali. Mahabusu nao wasiachwe nje kwa hoja ya kwamba hawajahukumiwa, kwa maana wasipohukumiwa ndipo haki yao ya kutendewa kama raia huzidi, na kesi zao, kama mjuavyo, huweza kuahirishwa hata mwaka ukapinduka.

Namjua mtu mmoja wa pwani ya Ziwa, ambaye sitamtaja yeye wala pahala alipofungwa, aliyeingia kifungoni akitia kidole gumba katika karatasi za polisi na kutoka akisoma Biblia ya Kijaluo kwa sauti, polepole, lakini bila ya kukosea. Aliyemfundisha alikuwa mfungwa mwenzake. Alipofika kwao alikwenda kwa hiari yake katika darasa moja la watu wazima, akaulizwa amefika wapi, akasema amefika mbali; akaulizwa waraka, hakuwa nao, kwa kuwa daftari zake zilibaki alikotoka; basi akawekwa pamoja na wanaoanza irabu. Aliketi hapo siku chache, mtu mwenye ndevu anayetamkishwa a, e, i, o, u ambazo alikwisha kuzishinda kwa taabu, kisha hakuonekana tena. Darasa lile silitii hatiani, kwa kuwa mwalimu hakuwa na namna ya kujua. Hatia, kama ipo, imo katika ile nafasi iliyo wazi baina ya madarasa mawili, ambayo si ya mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna anayeifagia. Ni kama mvuvi aliyefuma jarife kwa saburi mwaka mzima, akaacha tundu moja katikati, akashangaa kuona samaki wanapita.

Tundu hilo kanuni za dunia zimeliona zamani. Umoja wa Mataifa ulipozifanya upya kanuni zake za kuwatunza wafungwa mwezi wa Desemba 2015, ukaziita kwa jina la Nelson Mandela aliyekaa kifungoni miaka 27, uliandika katika kanuni ya 104 kwamba elimu ya wafungwa iungane, kadiri iwezekanavyo, na elimu ya nchi, ili wakiachiliwa waweze kuendelea nayo pasipo taabu. Na katika ya 107, kwamba mustakabali wa mfungwa baada ya kutoka ufikiriwe tangu kifungo kinapoanza. Tangu kinapoanza, Waheshimiwa, si mwezi wa mwisho. Mtu huweza kushinda rufani asubuhi na jioni akawa barabarani. Mwezi wa Aprili 2020, maradhi ya korona yalipoyatishia magereza, zaidi ya watu 4,000 waliachiliwa nchini katika muda mfupi mno, na hapana afisa wa probesheni, hata angekuwa na mikono kumi, ambaye angeweza kuwaandalia hao wote nyumba na kazi katika siku zile. Waliokwisha kuandaliwa mapema waliandalika, na waliobaki walikwenda zao.

Na hapa ndipo ninapowageukia Magavana na mabaraza yenu. Najua jibu lililo tayari: magereza ni ya Serikali ya Taifa, elimu ya watu wazima ni ya Serikali ya Taifa, na kaunti haina ufunguo wa lango lile. Ni kweli. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika jedwali lake la nne, imewakabidhi ninyi politekniki za vijiji, ambazo leo twaziita vyuo vya ufundi. Na Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 189, imezitaka serikali za ngazi mbili zisaidiane na kushauriana. Na katika ibara ya 51 imesema kuwa aliyefungwa hubaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizopatana na kule kufungwa kwake, na haki ya elimu, iliyotajwa katika ibara ya 43, inapatana na kufungwa vizuri kabisa. Basi mwenye gereza anaye mwanafunzi, na mwenye kaunti anacho chuo. Upungufu ni mapatano ya kurasa chache baina yenu, yasemayo kwamba mwalimu wa chuo cha kaunti ataingia gerezani siku zilizopangwa katika juma, kwamba mafunzo atakayotoa humo ni yale yale anayotoa nje, na kwamba jina la mwanafunzi aliye ndani limo katika daftari la chuo tangu siku hiyo, hata akitoka asiombe kuingia, kwa kuwa amekwisha kuwamo.

Nasema habari za mafunzo yale yale kwa sababu kazi zinazofunzwa magerezani kwa desturi ni njema ila ni chache, na hazikuchaguliwa kwa kutazama wapi mwanafunzi atakwenda. Useremala, ushonaji, uashi na kuchomelea vyuma ni kazi za heshima, na mtihani wa ufundi wa Serikali wa daraja la tatu huweza kumweka mtu mezani pa kazi. Lakini mtu wa Sindo au Muhuru Bay anarudi mahali penye mashua za kutengenezwa, na injini za mashua, na omena wanaoharibika kwa kukosa ukaushaji ulio safi, na taa za jua za uvuvi wa usiku. Na mtu wa Kuria anarudi penye mahindi na tumbaku na mifugo. Mfundisheni mtu kile ambacho jirani zake watamlipa kwa kukifanya. Aidha, fundi hutoka na maarifa pasipo randa wala msumeno, kwa kuwa malipo ya kazi ya mfungwa yamewekwa tangu zamani kwa hesabu ya senti kwa siku, na masurufu ya namna hiyo hayanunui hata kipimio. Na fundi asiye na zana hukodi za mwenzake, akaishi kwa kumtumikia. Mabaraza yenu hupitisha kila mwaka fedha za kuwasaidia vijana na wanawake kwa zana na mitaji. Sitaki mfuko mpya. Nataka aliyemaliza mafunzo yake kifungoni asiwekwe nje ya mifuko iliyopo kwa sababu ya mahali alipomalizia.

Kuna mambo ya karatasi, nayo ni madogo machoni pa mwenye nazo. Kijana aliyeingia kifungoni kabla ya kuchukua kitambulisho, au ambaye chake kilipotea alipokamatwa, anatoka akiwa hana awezalo: hafungui akaunti, hasajili laini ya simu, hajiandikishi chuoni, wala hakai katika mtihani. Kanuni ya 108 katika zile za Mandela imevitaja vyeti na vitambulisho waziwazi, pamoja na mavazi na nauli ya kufika. Je, itakuwa taklifu kubwa kwa msajili wa watu wa kaunti ndogo kuingia gerezani mara chache kwa mwaka akiwa na vyombo vyake? Ama cheti cha mwenendo mwema, kinachotakwa na kila mwajiri hata wa kulinda ghala, hilo haliko katika uwezo wa kaunti, walakini wabunge wetu wanasikia sauti zenu kuliko zetu: Uingereza, ambayo sheria zake nyingi tulizirithi, ilipitisha sheria mwaka 1974 kwamba hukumu ya kosa lisilo zito, baada ya miaka kadhaa ya kukaa kwa wema, ihesabiwe imekwisha. Sisi tulirithi adhabu, nayo rehema hiyo ilikuja baada ya sisi kuondoka. Hakuna kinachotuzuia kutunga yetu.

Wanawake nimewaweka hapa si kwa kuwa wao ni wa mwisho, bali kwa kuwa hali yao inataka kutazamwa peke yake. Ni wachache, na uchache wao ndio unaowadhulumu, kwa sababu mwalimu akiwa mmoja hupelekwa penye wengi. Mama huweza kuwa na mtoto wake mchanga gerezani, ambaye sheria humruhusu kukaa naye hata afikapo miaka minne. Mama huyo akijifunza kusoma, mwanafunzi wa pili yuko mapajani pake, naye haandikwi katika daftari lolote. Nami nawaambia kwa yakini ya mtu aliyefundisha watu wazima miaka mingi kwamba hakuna aliyeshika kalamu kwa nguvu kuliko mama aliyefungwa kwa chang'aa, kwa maana yeye anajua alikuwa akiipikia nini.

Sasa nimfikie mtu ambaye nimekuwa nikimsikia moyoni tangu nilipoanza kuandika, naye ni jirani aliyedhulumiwa. Mtu aliyeibiwa ng'ombe wake Kuria, ambaye mwanawe aliyekuwa huru na mtiifu amekaa nyumbani kwa kukosa karo, ana haki ya kuuliza kwa ghadhabu kwa nini mwizi wake asomeshwe. Swali hilo ni zito, na mtu anayelipuuza hajui uchungu. Nami simjibu kwamba mwizi ni mtu mwema. Namjibu kwanza kuwa karo ya mwanawe isiguswe. Hakuna neno lolote katika barua hii linalotaka hata shilingi moja iondolewe kwa mtoto aliye huru ipewe mfungwa, na mtakaopanga hesabu, naomba mlilinde hilo. Namjibu pili kuwa hakimu alimwondolea mwizi uhuru kwa muda uliotajwa, hakuondoa haki nyingine, na muda huo ukiisha, mwizi huyo atarudi kwenye njia ile ile inayopita boma lake, na hapana sheria ya kuwachagulia watu majirani. Akirudi hana kazi, hana waraka, hana darasa, na watu wa kwanza kumkaribisha ni wale waliomfundisha kuiba, basi hasara ya pili itamfika yule yule aliyefikwa na ya kwanza. Tena namjibu la tatu, ambalo ni gumu zaidi kulitenda: kwamba yeye aliyedhulumiwa asiachwe nje ya maandalizi. Afisa wa probesheni aendapo kutazama nyumba ya mfungwa kabla ya kuachiliwa, apite pia nyumbani kwa aliyekosewa. Chifu na wazee wa kijiji waketi nao. Aulizwe anachokihofu, na jibu lake liandikwe. Kwetu, Wajaluo, Wakuria, Wasuba na sisi tuliokuja kutoka kwingine, hapana mtu aliyerudi kwao kwa amani kwa kupita njia ya nyuma. Maafisa wa probesheni wanaijua kazi hii na wangeifanya vema zaidi kama wangekuwa na wenzao wa kutosha, na mafuta ya pikipiki.

Siwezi kufunga pasipo kuwashukuru askari wa magereza wanaofundisha. Wapo, na baadhi yao walikuwa waalimu kabla ya kuvaa sare, na hufundisha baada ya zamu, kwa vitabu walivyoomba kwa jamaa zao. Wafungwa wanaofundisha wenzao nao wapo, nao hawana cheo wala posho ila kuitwa mwalimu, jina ambalo kwa mtu aliyezoea kuitwa kwa namba ni karama kubwa. Watu wa elimu ya watu wazima wawapitie hawa, wawape mafunzo mafupi ya kufundisha, na wawape waraka wa kuthibitisha kazi yao. Maana mfungwa aliyefundisha wenzake kusoma kwa miaka miwili amefanya kazi ambayo kijiji chake kinaihitaji, na pengine darasa la ngumbaru lililofungwa kwa kukosa mwalimu lingefunguliwa na yeye.

Yapo, basi, matatu ambayo hayangoji bajeti wala sheria. La kwanza ni waraka wa masomo: ukurasa mmoja anaopewa kila mwanafunzi atokapo au ahamishwapo, wenye jina lake, vipande alivyomaliza, na hatua aliyofikia, umetiwa sahihi na afisa wa elimu ya watu wazima na kugongwa mhuri wa ofisi yake, wala usitaje gereza, ili mwenye kuusoma aone mwanafunzi. La pili ni daftari zake mwenyewe, apewe aondoke nazo. La tatu ni mitihani. Mtihani wa KCPE, wa mwisho wa shule ya msingi, ambao watu wazima wengi waliufanya kuwa nguzo yao ya kwanza, ulifanywa mashuleni kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na ule wa kidato cha nne nao umo katika kubadilishwa. Kwa hiyo kila darasa la gerezani libandikiwe ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo na kwa Kikuria, mtihani gani mtu mzima anayeanza leo ataufanya, lini, kwa ada gani, na ada hiyo inalipwa na nani.

Naomba wasimamizi wa magereza, wakurugenzi wa vyuo vya ufundi wa kaunti mbili, na maafisa wa probesheni na wa elimu ya watu wazima waketi meza moja kabla ya madaftari ya watahiniwa wa mwaka ujao kufungwa, na kila mmoja aje na orodha yake: wa gereza aje na majina ya watakaoachiliwa ndani ya miezi kumi na miwili na lokesheni wanazorudi, wa chuo aje na nafasi alizo nazo na umbali wake kutoka kila lokesheni, wa elimu aje na madarasa yaliyo hai na yaliyokufa. Orodha hizo zikishawekwa pamoja mezani, ianzeni kazi kwa mtu wa kwanza anayetoka, iwe ni Ndhiwa anakokwenda au Suna, na mwalimu wa huko apigiwe simu.

Nami ni wenu kwa heshima na mahaba,

Mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima, Homa Bay